Utando wa kioo unaozuia joto: mwongozo kamili kwa anayebadilisha madirisha ya nyumba ya pwani

Chumba cha mama yangu kina madirisha mawili yanayotazama magharibi, kila moja upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 1.2. Mwezi wa pili, ikifika saa tisa alasiri, jua linaingia na kuchora mapande mawili ya mwanga sakafuni. Mama alikuwa akisogeza kiti chake kila nusu saa kulikimbia, mpaka anafika ukutani, na kiyoyozi kikinguruma juu yake bila kufua dafu.

Tukaamua kubadilisha madirisha. Fundi akaleta vioo pacha, yaani vioo viwili vilivyofungwa pamoja na nafasi ya hewa katikati. Akakigonga kimoja kwa ukucha, akasema, "Dada, hii ni Low-E. Kiyoyozi utakizima mwenyewe." Low-E ni jina la kioo chenye utando mwembamba sana wa kurudisha joto. Nikalipa. Wiki haijaisha, mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona jua ni lile lile?" Nilivua viatu nikasimama kwenye lile pande la mwanga. Nyayo ziliungua vilevile kama zamani.

Ilinichukua simu nyingi kuipata karatasi ya vipimo ya kile kioo. Kilikuwa Low-E kweli, hapo hakuna uongo. Ila kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako watu wanataka jua liingie ndani na joto lisitoke. Namba yake ya jua ilikuwa 0.72, maana yake kati ya sehemu mia za joto la jua linalogonga dirisha, sabini na mbili zilikuwa zinaingia chumbani kwa mama. Kioo chetu cha zamani, kile cha kawaida kabisa, kilikuwa kikiingiza kama themanini na mbili. Nilitumia hela nyingi kupunguza sehemu kumi tu.

Kosa hilo ndilo ninalotaka likuepuke. Jina Low-E peke yake halikwambii kama kioo kinafaa Tanga au kinafaa Stockholm.

Utando wenyewe ni kitu gani

Nguvu ya jua inayotufikia haiji yote kwa sura ya mwanga. Chini kidogo ya nusu ndiyo mwanga tunaouona. Kama nusu nyingine ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi inaihisi. Asilimia 5 hivi ni urujuanimno, ile inayopausha mapazia na makochi. Kioo kitupu kinapitisha karibu vyote hivyo, isipokuwa sehemu ya urujuanimno.

Utando mzuri wa nchi za joto hufanya kazi ya kuchagua: mwanga upite, infraredi irudishwe nje. Hutengenezwa kwa madini ya fedha yaliyotandazwa juu ya kioo ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, kwa unene wa nanometa 10 hadi 15 tu. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi, kwa hiyo usitegemee kuuona utando huo kama unavyoiona rangi. Fedha hiyo hufunikwa juu na chini kwa tabaka za oksidi ili kioo kisiwe kama cha kujitazamia. Kuna tando zenye tabaka moja ya fedha, mbili, na tatu. Kadiri tabaka zinavyoongezeka, ndivyo infraredi inavyozuiwa zaidi huku mwanga ukibaki wa kutosha.

Huo huitwa utando laini, na udhaifu wake ni kwamba hewa yenye unyevu na chumvi huula. Pwani kwetu hauwezi kuachwa wazi hata kidogo. Lazima ufungiwe ndani ya kioo pacha.

Upo pia utando mgumu. Huu hutengenezwa kioo kikiwa bado cha moto kiwandani, kwa kupitisha mvuke wa kemikali unaoacha oksidi ya bati juu yake. Unashikana na kioo, hauchubuki ovyo, na unaweza kutumika hata kwenye kioo kimoja. Lakini utando mgumu usio na rangi huacha jua nyingi ipite. Ndio uliokuwa kwenye madirisha ya mama.

Ukitaka kujua kwa nini mambo yako hivi, rudi kwenye mgogoro wa mafuta wa 1973. Baada ya hapo, maabara kama ile ya Lawrence Berkeley kule California zilianza kutafuta namna ya kuzuia joto la nyumba lisipotelee madirishani wakati wa baridi. Teknolojia ilizaliwa kwa ajili ya kuhifadhi joto ndani. Tando za kulifukuza jua zimekuja kukua baadaye, na leo aina zote mbili zinauzwa kwa jina lile lile.

Kwanza, zunguka nyumba na saa mkononi

Kabla hujamwita fundi, chagua siku ya jua kali. Zunguka nyumba saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Kila mara andika ni dirisha gani lina jua juu ya kioo chenyewe. Ukuta wenye jua usiuhesabu.

Utagundua jambo ambalo ramani nyingi za nyumba zetu zinalisahau. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa juu sana mwaka mzima. Mwezi wa sita linakaa upande wa kaskazini, kwenye nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Mwezi wa kumi na mbili linakaa kusini, kwenye nyuzi 73 hivi. Jua la juu namna hiyo, paa lililochomoza vizuri linalizuia. Jua la mashariki asubuhi na la magharibi jioni linakuja chini, usawa wa macho, na hakuna ubaraza wa kawaida unaolikata.

Kwa hiyo madirisha ya kushughulikia kwanza ni ya magharibi, halafu ya mashariki. Ya kaskazini na kusini, kama paa lako limetoka nje walau sentimita 80, mara nyingi yanaweza kubaki na kioo cha kawaida. Fundi anayekuuzia utando kwa nyumba nzima bila kuuliza jua linatokea wapi anakuuzia mita za mraba.

Weka alama pia kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Chumba ambacho madirisha hushinda wazi, upepo wa kusi ukipita na feni ikizunguka, hakitapata faida kubwa kutokana na kioo cha bei, maana joto linaingia na hewa yenyewe. Hapo hela yako ipeleke kwenye kivuli.

Na kivuli ukifikirie hata kwa vyumba vya kiyoyozi. Joto lililozuiwa nje halina haja ya kupambana na kioo. Shata za mbao zenye mapengo za Lamu, Mombasa ya kale na Mji Mkongwe zilikuwa zikifanya kazi hiyo muda mrefu kabla ya kiyoyozi: jua limekatwa, upepo unapita, aliye ndani anaona na haonekani. Mkeka uliotundikwa nje ya dirisha la magharibi unasaidia kuliko pazia zito la ndani, kwa sababu pazia la ndani hulipokea jua likiwa limeshaingia. Mimi kwa mama nilipanda mpapai. Umefika usawa wa dirisha moja, na hilo moja lina nafuu ya wazi.

Namba tatu za kudai

Kila kioo chenye utando kinachotoka kiwanda cha kueleweka kina karatasi ya vipimo. Usinunue bila kuiona. Kwenye karatasi hiyo tafuta namba tatu.

Ya kwanza ni namba ya jua. Vioo vya Ulaya huiandika kwa herufi g, vya Marekani huiandika SHGC. Huanzia 0 hadi 1, na ndiyo inayosema joto la jua kiasi gani linaingia. Kioo kitupu cha milimita 6 kina 0.82 hivi. Kwa dirisha la magharibi pwani, tafuta 0.35 au chini yake. Tando za tabaka tatu za fedha hufika 0.27 hivi.

Ya pili ni mwanga unaopita, LT au VT. Humu ndimo watu wengi tunapotelea, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kioo cheusi ndicho cha baridi. Kioo cha tinti kinapunguza jua kwa kulimeza. Nenda kakiguse kioo cha tinti saa kumi alasiri: kimewaka moto, na moto huo sehemu yake inarushwa chumbani. Kioo cha tinti cha kijivu cha milimita 6 kina namba ya jua karibu 0.6, na bado unawasha taa mchana. Utando wa tabaka mbili au tatu za fedha unaweza kukupa 0.3 au chini yake na ukaacha asilimia 60 ya mwanga ipite. Ukiona mwanga unaopita ni karibu mara mbili ya namba ya jua, mbele yako pana kioo kizuri.

Ya tatu ni U, kasi ya joto kupenya kioo kwa sababu tu hewa ya upande mmoja ina joto kuliko ya upande wa pili. Kioo kimoja kitupu kina 5.8 hivi. Kioo pacha kitupu kina 2.8 hivi. Kioo pacha chenye utando laini na gesi ya argoni katikati hushuka hadi 1.1.

Wauzaji wanaipenda sana namba ya U kwa sababu inashuka kwa kishindo. Sasa chukua lile dirisha la mama, mita za mraba 1.8, tufanye hesabu. Nje nyuzi 32, ndani kiyoyozi kimewekwa 25. Kwa kioo kimoja kitupu, joto linalopenya kwa tofauti hiyo ni wati 73 tu. Jua la jioni likigonga dirisha hilo hilo kwa wati 600 kwa kila mita ya mraba, linaingiza wati karibu 890. Hiyo ni kama kuacha pasi imewashwa sakafuni. Madirisha mawili yanaingiza wati 1,770, na kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kina uwezo wa kuondoa wati 2,600 hivi. Theluthi mbili za nguvu yake zilikuwa zikiishia kupambana na yale mapande mawili ya mwanga.

Kwa kioo cha namba ya jua 0.28, madirisha yale mawili yanaingiza wati 605. Kwa umeme, kila wati tatu za joto zinazozuiwa zinakuokolea wati moja hivi kwenye kiyoyozi. Madirisha mawili kwa saa tatu za jua kali hukupa uniti moja na zaidi kidogo kwa siku. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunulia, halafu kwa siku za jua, uone kioo kitajilipa baada ya muda gani. Kwa nyumba ya madirisha mawili ya magharibi hesabu hiyo ni ndefu, nakueleza ukweli. Inakuwa fupi kwa ofisi, duka, nyumba ya wageni, au nyumba ambayo sebule nzima ni kioo. Kilichobaki ni raha ya kukaa chumbani, na hiyo kila mtu aithamini mwenyewe.

Dirisha hilo hilo lipeleke Muscat, nje nyuzi 45 na ndani 24: joto linalopenya kwa tofauti ya hewa linakuwa wati 219, kwa hiyo kule namba ya jua na ya U zote zina uzito. Lipeleke Minneapolis, Marekani, wakati wa baridi, nje nyuzi 20 chini ya sifuri na ndani 21: zinapotea wati 428 kwa kioo kitupu, na 81 kwa kioo cha U 1.1. Ndugu zetu walioko huko wana haki ya kuitazama U kwanza. Wao pia wajihadhari na kitu kimoja: lebo ya Marekani, ile ya NFRC (baraza la kupima madirisha), huandika U kwa vipimo vya kwao. Kuifikisha kwenye vipimo vya Ulaya zidisha kwa 5.68. Dirisha lililoandikwa 0.30 Marekani ni 1.7 kwa kipimo cha Ulaya, wala si la ajabu kama linavyoonekana ukiwa umezoea karatasi za Ulaya.

Na kwa anayejenga Njombe, Mbeya au Iringa, ambako mwezi wa sita na wa saba watu wanaota moto, kile kioo changu cha 0.72 kingekuwa mahali pake hasa.

Uso wa ngapi

Kioo pacha kina nyuso nne. Zinahesabiwa kutoka nje: uso wa 1 unanyeshewa mvua, wa 2 ni upande wa ndani wa kioo cha nje, wa 3 ni upande wa kioo cha ndani unaotazama nafasi ya hewa, na wa 4 ndio unaougusa ukiwa chumbani.

Kwa pwani utando ukae uso wa 2. Hapo jua linarudishwa kabla halijavuka nafasi ya hewa, na joto ambalo kioo cha nje kimelimeza linapotelea nje. Ukikaa uso wa 3, kioo cha ndani ndicho kinachopata joto, na sehemu kubwa ya joto hilo unalipokea wewe. Nchi za baridi zinazotaka jua la bure huuweka huko kwa makusudi. Kioo kile kile kikigeuzwa nyuma mbele wakati wa kufunga hubadilika tabia, na kwa macho hutaona tofauti.

Kioo tu, au dirisha zima?

Hapa ndipo bei inapopasuka, kwa hiyo pima mambo mawili kwanza.

Mfereji wa fremu. Madirisha mengi ya aluminiamu ya kuslaidi yaliyofungwa kwenye nyumba zetu yana mfereji wa kioo cha milimita 4 hadi 6. Kioo pacha cha kioo 6, hewa 12 na kioo 6 kina unene wa milimita 24. Hakiingii, na fundi akikwambia atachonga kidogo kiingie, mwache aende zake. Aina nyembamba ya 5, 9 na 5 ni milimita 19, nayo bado inataka fremu yake.

Uzito. Kila milimita ya kioo kwa mita moja ya mraba ina kilo 2.5. Kioo pacha cha 6 na 6 ni kilo 30 kwa mita ya mraba, kwa hiyo dirisha la mama lilikuwa na kilo 54 za kioo. Magurudumu ya dirisha la zamani la kuslaidi hayawezi mzigo huo. Yatasagika, mwishowe dirisha halifunguki.

Kama fremu bado nzima na hela ni ya kubana, badilisha kioo tu: weka kioo kimoja chenye utando mgumu wa kukinga jua, aina yenye rangi nyepesi au inayorudisha mwanga kidogo, na dai namba ya jua kwa maandishi kama kawaida. Hutafika 0.28, ila kushuka kutoka 0.82 kwenda 0.5 hivi ni nafuu inayohisika. Kioo cha lamineti, chenye plastiki katikati, huongeza usalama na huzuia karibu urujuanimno wote, ila plastiki hiyo pekee haizuii infraredi ya kutosha.

Stika za kubandika ni njia ya tatu, na nzuri zipo. Ila usibandike stika nyeusi inayomeza joto juu ya kioo pacha au juu ya kioo kikubwa ambacho nusu yake iko kivulini. Sehemu ya moto inatanuka, ya kivulini inabaki, kioo kinapasuka chenyewe mchana kweupe. Na ile ya kioo-kioo inayokuficha mchana, usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe huoni nje, wa nje anakuona.

Kupima na kuagiza

Kioo pacha hakikatwi tena kikishafungwa, na kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto, hakikatwi kikishapikwa. Kosa la milimita kumi ni kioo kipya. Pima upana sehemu tatu, juu, katikati na chini. Pima urefu sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia. Chukua kilicho kidogo. Halafu pima pembe kwa pembe, mara zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5, tundu limepinda, na ni kazi ya mwashi kwanza. Kioo kiwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kila upande ndani ya fremu, kisibanwe.

Kisha andika oda yako kwenye karatasi, nakala mbili, muuzaji aweke sahihi. Yangu ya mara ya pili ilisomeka hivi:

*Kioo pacha, nje milimita 6 chenye utando laini wa kukinga jua, nafasi milimita 12, ndani milimita 6 kitupu. Utando uso wa 2. Namba ya jua isizidi 0.30. Mwanga unaopita usipungue asilimia 55. Utando umefutwa pembezoni kabla ya kufungwa. Kila kioo kiwe na alama inayoonyesha upande wa nje.*

Kile kipengele cha utando kufutwa pembezoni ni kidogo lakini ndicho kinachoamua umri wa kioo pwani. Fedha ikiachwa mpaka ukingoni, gundi inashika utando badala ya kushika kioo, na chumvi ikipata njia hapo kutu hutambaa kuelekea katikati kama ukungu kwenye mkate. Kiwanda makini hukwangua ukanda wa milimita 10 hivi kuzunguka. Ukitazama ukingo kwa mshazari kwenye mwanga, mstari huo unauona.

Omba pia bei kwa mita ya mraba ya aina tatu: kioo kitupu, kioo kimoja chenye utando mgumu, na kioo pacha chenye utando laini. Muuzaji anayekataa kutenganisha bei ya kioo na ya fremu anakunyima nafasi ya kulinganisha.

Siku ya kupokea: washa kibiriti

Hili ningelijua mapema nisingeandika kisa cha mwanzo. Simamisha kioo pacha, ingia kivulini au subiri magharibi, washa kibiriti au taa ya simu na uilete karibu na kioo, wewe ukiwa upande utakaokuwa wa chumbani. Tazama kwa mshazari. Utaona miali minne imejipanga, mmoja kwa kila uso. Mitatu ina rangi moja. Mmoja una rangi tofauti, pengine wa zambarau, waridi au kijani. Huo ndio wenye utando.

Sasa hesabu kuanzia ulio karibu nawe. Wa kwanza ni uso wa 4, wa pili ni 3, wa tatu ni 2. Wenye rangi tofauti ukiwa wa tatu, kioo kiko sawa. Ukiwa wa pili, kimegeuzwa au kimetengenezwa kinyume. Yote minne ikifanana, hakuna utando na umeuziwa kioo kitupu.

Kwa kioo kimoja chenye utando mgumu wa Low-E, azima mita ya fundi umeme. Utando huo unapitisha umeme. Gusa ncha mbili juu ya uso mmoja, kisha uso wa pili: upande utakaosoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ndio wenye utando, na ndio unaotakiwa utazame ndani ya chumba.

Kagua na kioo pacha chenyewe. Fremu nyembamba iliyo katikati ya vioo ina punje za kunyonya unyevu. Kusiwe na tone wala ukungu kati ya vioo, na gundi nyeusi ya pembezoni izunguke yote bila pengo.

Kufunga

Mengi fundi aluminiamu anayajua kuliko mimi na wewe. Simamia mambo matatu tu.

Kioo kisikae moja kwa moja juu ya aluminiamu. Kiwekwe juu ya vipande viwili vya raba ngumu, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni.

Vitundu vya kutolea maji chini ya fremu viwe wazi. Mvua za masika zitaingia kwenye mfereji tu, hata ufunge vipi. Kioo pacha kinachokaa ndani ya maji gundi yake hufa. Mimina kikombe cha maji kwenye mfereji na utazame yakitoka nje kabla kioo hakijawekwa.

Silikoni isiwe ile yenye harufu ya siki. Asidi yake inashambulia gundi ya kioo pacha, na inaweza kufikia utando. Chukua bomba, fungua, nusa. Ikikupiga pua kama achari, irudishe dukani uombe silikoni isiyo na asidi. Bei inazidi kidogo, na fundi wengi watakwambia hakuna tofauti.

Baada ya hapo

Kuosha ni maji, sabuni ya vyombo kidogo na kitambaa laini. Utando laini uko ndani, huwezi kuugusa. Utando mgumu uko upande wa chumbani, usiukwangue kwa wembe wala chuma cha kusugulia sufuria. Pwani osha pia fremu na raba kila mwezi, chumvi isilale.

Mtandao wa simu unaweza kupungua nguvu chumbani, maana fedha inarudisha pia mawimbi hayo. Kwa mama ilibidi aende karibu na mlango kupiga simu.

Asubuhi ukiona umande nje ya kioo, uso wa 1, usihangaike. Ni unyevu wa hewa umekutana na kioo kilichopoa, na jua litaukausha. Umande kati ya vioo, ambao huwezi kuufuta kwa upande wowote, ni alama kwamba gundi imeachia na unyevu umeingia. Piga picha siku hiyo hiyo, tarehe ionekane, upeleke pamoja na karatasi ya oda. Kwa sababu hiyo uliza dhamana kabla hujalipa: ni ya miaka mingapi, inahusu gundi na utando au kuvunjika tu, na nani anagharamia kukitoa na kukirudisha kioo. Ya kwangu ilinifidia kioo. Ujira wa fundi nililipa tena.

Vile vioo vya kwanza sikuvitupa. Fremu zilikuwa zile zile, unene ule ule, kwa hiyo tulivihamishia dirisha la kusini la sebule, lililoko chini ya ubaraza, jua lisipofika. Kwenye chumba cha mama viliingia vipya. Nilisubiri saa tisa, nikavua viatu, nikasimama pale pale. Mwanga upo, ujoto kidogo upo, lakini nilikaa dakika kumi nikizungumza naye bila kukumbuka kwamba nimekanyaga jua.